Dada wa Bweni Moja: Wanawake wa Uganda Katika Siasa na Utumishi wa Umma

Mtu akishuka kilima cha Makerere kwa miguu, akapita Wandegeya na kuteremka hadi bonde la Nakivubo, haitachukua muda mrefu kabla hajafika Kikuubo. Jina lenyewe ni la Kiganda, na maana yake ni njia nyembamba iliyobanwa, yaani ujia au kichochoro kwa Kiswahili chetu. Hapo ndipo yanapouzwa kwa jumla mambo yote ya nyumbani: sabuni, sukari, chumvi, biskuti, mafuta ya kupikia, viberiti. Wapagazi hupita na katoni vichwani wakipiga kelele wapishwe njia, na wanunuzi hutoka Bunia na Butembo, Juba na Kigali. Kiswahili husikika humo kutwa, hasa panapokuwa na mgeni wa kupatana naye bei. Mitaa miwili mikubwa iliyo karibu na ujia huo imepewa majina ya watu waliouawa katika utawala wa Idi Amin: Askofu Mkuu Janani Luwum, aliyeuawa mwaka 1977, na Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka, aliyeuawa mwaka 1972. Wote wawili ni wanaume. Wanawake nao walikuwako katika historia hiyo hiyo, na wengine walilipa gharama ile ile, ila kibao cha mtaa hakiwataji.

Nimeianzia Kikuubo kwa sababu maalumu. Baadhi ya wanafunzi wangu wa jioni ni wanawake wenye maduka huko, na siku moja tulipokuwa tukisoma habari za viongozi wanawake wa Afrika Mashariki, mmoja wao aliniuliza, "Mwalimu, hawa wote walilala bweni moja?" Darasa zima lilicheka. Lakini swali lile si la kuchekwa, maana ukiyafuata majina moja moja utaona kwamba muulizaji hakuwa mbali na ukweli. Makala haya ni jaribio la kumjibu.

Kwanza tuangalie neno. Huko Marekani wanafunzi wa kike wa vyuo vikuu wana vyama vyao vya udugu, vinavyoitwa kwa herufi za Kigiriki. Mwanachama huapishwa akiwa kijana, na uanachama wake haumaliziki siku ya kupokea shahada, bali humfuata hadi uzeeni. Miongoni mwa Wamarekani weusi vyama viwili vya zamani vilianzishwa katika Chuo Kikuu cha Howard, mjini Washington: Alpha Kappa Alpha mwaka 1908, na Delta Sigma Theta mwaka 1913. Delta walikuwa hawajatimiza hata miezi mitatu walipoingia katika maandamano ya wanawake ya kudai kura, tarehe 3 Machi 1913. Katika chama hicho wametoka Shirley Chisholm, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika Baraza la Wawakilishi, na Barbara Jordan wa Texas, na Patricia Roberts Harris aliyekuwa waziri katika serikali ya Rais Carter. Alpha Kappa Alpha nao wanamhesabu Kamala Harris, aliyekuwa Makamu wa Rais tangu 2021 hadi 2025. Hapa naomba niseme neno la pembeni: Uganda ilikuwa imekwisha pata Makamu wa Rais mwanamke tangu Novemba 1994, yaani zaidi ya robo karne kabla ya Marekani. Mambo hayatoki Magharibi tu kuja kwetu.

Je, Kiswahili kina neno la udugu wa namna hiyo? Kinayo maneno mengi, lakini kila moja lina mahali pake. Shoga ni rafiki wa mwanamke, mmoja kwa mmoja. Somo na kungwi ni walezi wa mwari, na uhusiano wao ni wa mafunzo ya unyago. Neno lililo karibu zaidi pengine ni chama, kama katika vyama vya lelemama vya pwani, ambavyo vilikuwa na viongozi wake, sare zake, michango yake na mashindano yake. Na tusidharau vyama hivyo. TANU ilipotaka wanawake mwaka 1955, haikuwapata shuleni kwa sababu shuleni hawakuwamo wa kutosha. Iliwapata katika ngoma. Bibi Titi Mohamed, aliyeiongoza sehemu ya wanawake ya TANU, alikuwa mwimbaji katika kikundi cha ngoma Dar es Salaam, na kupitia vikundi kama hivyo alikusanya maelfu ya wanachama kwa muda mfupi, kwa lugha ambayo wote waliifahamu.

Uganda ilikwenda njia nyingine. Viongozi wake wanawake wa kwanza hawakutoka katika ngoma, walitoka katika bweni. Tofauti hiyo ina matokeo makubwa, nami nitairudia.

Shule ya wasichana ya Gayaza, kaskazini ya Kampala, ilianzishwa na wamisionari wa Kianglikana mwaka 1905. Nia yao ya awali ilikuwa kuwalea mabinti wa machifu ili wawe wake wema wa Kikristo, na kwa miaka mingi jembe na sindano vilikuwa na nafasi kubwa kuliko hesabu. Kwa upande wa Wakatoliki, Mama Kevin, mtawa kutoka Ireland, aliweka msingi wa shule ambayo leo inajulikana kwa jina la Namagunga. King's College Budo, iliyojengwa kwa ajili ya wana wa wakubwa, nayo ilifungua mlango kwa wasichana. Waanzilishi wa shule hizi hawakukusudia kuwafundisha wabunge. Lakini ukiwakusanya wasichana kutoka Buganda, Bunyoro, Busoga na Ankole, ukawalaza chumba kimoja kwa miaka sita, ukawapa wimbo mmoja na sare moja na mwalimu mmoja wa kumwogopa, umewapa kitu ambacho kaka zao walikuwa nacho tangu zamani, nacho ni kujuana.

Mwaka 1945 ni mwaka wa kukumbukwa. Ndio mwaka Makerere ilipowapokea wanafunzi wa kike kwa mara ya kwanza, nao walikuwa sita. Wito wa chuo, ambao hadi hapo ulikuwa ukiwahimiza wanafunzi wawe wanaume, ulibadilishwa ukawa wa kujenga kwa ajili ya siku zijazo. Waliopigania jambo hilo ni wengi, mmoja wao akiwa Mary Stuart, mke wa Askofu Stuart wa Uganda, na jina lake ndilo lililopewa bweni kuu la wanawake. Wakazi wa Mary Stuart wameliita bweni lao Sanduku tangu zamani, kwa Kiingereza cha wanachuo.

Mwaka huo huo, mwezi Septemba, Katikiro wa Buganda, Martin Luther Nsibirwa, alipigwa risasi akafa alipokuwa akienda kusali katika kanisa kuu la Namirembe. Lukiiko lilikuwa limetoka tu kupitisha sheria ya kuruhusu ardhi ichukuliwe kwa manufaa ya umma, na ardhi iliyokuwa ikisemwa zaidi ni ya kupanua Makerere. Watu wengi waliiona sheria hiyo kuwa ni kuuza nchi ya mababu. Katikiro huyo aliacha binti wa miaka 16, Rhoda, na ndiye tutakayemkuta mbele kwa jina la Rhoda Kalema. Sijui kisa kingine kinachoonyesha waziwazi zaidi jinsi elimu ile ilivyonunuliwa kwa bei kubwa.

Miongoni mwa wanafunzi wa mwanzo wa kike alikuwamo Sarah Nyendwoha wa Bunyoro, aliyesoma Budo. Alitaka kusoma hesabu. Mwalimu wa somo hilo hakukubali kumfundisha mwanamke, na binti akalazimika kuhamia masomo mengine. Hakurudi nyumbani. Alikwenda Oxford, na mwaka 1954 akahitimu katika chuo cha St Anne's, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata shahada huko. Aliporudi kufundisha aliambiwa mshahara wake utakuwa chini ya ule wa mwanamume mwenye shahada kama yake. Akajibu kwamba basi asilipwe kabisa, naye akaendelea kuingia darasani bila mshahara mpaka serikali ikaona haya na kurekebisha. Walimu wenzangu wanaosoma makala haya watafahamu uzito wa tendo hilo kuliko watu wengine. Mwaka 1958 aliingia katika Baraza la Kutunga Sheria, na mwaka huo akaolewa na Sam Ntiro, mchoraji maarufu kutoka Machame, aliyekuwa akifundisha sanaa Makerere na baadaye akawa Balozi wa kwanza wa Tanganyika mjini London. Hivyo huyu bibi wa Hoima akawa shemeji yetu wa Kilimanjaro. Alifariki mwaka 2018.

Kabla yake, katikati ya miaka ya 1950, Baraza hilo lilikuwa limempata mwanamke Mwafrika wa kwanza, Pumla Kisosonkole, mzaliwa wa Afrika Kusini aliyeolewa Buganda. Florence Lubega naye aliingia, kisha akawa mbunge katika Bunge la uhuru la 1962. Joyce Mpanga, mwanafunzi wa Gayaza na Makerere, aliyepata shahada ya uzamili katika Chuo Kikuu cha Indiana, Marekani, aliitwa katika Baraza akiwa bado kijana, mwanzoni mwa miaka ya 1960. Uzeeni alichapisha kumbukumbu zake, na jina la kitabu ni sawa na kusema kwa Kiswahili: Masikitiko, Si Mvulana.

Wanawake hawa hawakukutana barazani tu. Muda mfupi baada ya Vita Kuu ya Pili liliundwa Baraza la Wanawake la Uganda, ambalo halikubagua rangi wala dini. Humo Mwafrika, Mhindi na Mzungu waliketi meza moja katika nyakati ambapo hospitali na shule zilikuwa zimetenganishwa. Mmoja wa wanawake wa Kihindi waliojulikana sana siku hizo ni Sugra Visram, mfanyabiashara wa Kampala aliyeolewa katika ukoo wa Allidina Visram, yule tajiri ambaye maduka yake yalifuata misafara kutoka pwani hadi Kampala. Bibi Sugra alivaa busuuti, alisema Kiganda bila kigugumizi, na mwaka 1962 aliingia Bungeni kwa tiketi ya Kabaka Yekka. Yeye hakuwa wa bweni. Alikuwa wa duka. Na alikuwa wa karibu sana na Kikuubo kuliko wenzake wote niliowataja, kama tukipima kwa kazi. Wahindi walipofukuzwa mwaka 1972, naye alipoteza nchi.

Jambo kubwa lililowashughulisha wanawake wa Baraza hilo lilikuwa sheria ya ndoa. Mwaka 1960 waliitisha mkutano juu ya hali ya mwanamke katika sheria hizo. Waliona kwamba mwanamke wa Uganda anaweza kuolewa kanisani, mumewe akafa, na kesho yake ndugu wa mume wakaja kuchukua kitanda, ng'ombe na ufunguo wa nyumba. Serikali ya uhuru iliunda tume, na aliyewekwa kuwa mwenyekiti ni William Wilberforce Kalema, mume wa Rhoda. Tume ilitoa taarifa yake mwaka 1965. Tuishike tarehe hiyo.

Kisha likaja giza. Mwezi Januari 1972 William Kalema alitoweka, akawa mmoja wa wale walioondolewa mapema katika utawala wa Amin. Rhoda, aliyekwisha poteza baba kwa risasi, sasa alipoteza mume bila kaburi. Wanawake walianza kukatazwa sketi fupi na nywele za bandia kwa amri. Ajabu ya nyakati zile ni kwamba mwaka 1974 Amin alimteua mwanamke kuwa Waziri wa Mambo ya Nchi za Nje: Elizabeth Bagaya wa Toro, aliyesoma Gayaza kabla ya kwenda Cambridge, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kuwa wakili katika mahakama za Uingereza. Miezi michache baadaye alifukuzwa kwa matusi, na mwaka uliofuata akakimbia nchi. Mwaka 1978 ilitolewa amri ya kuunda baraza moja la kitaifa la wanawake chini ya serikali, na vyama vingine vyote vya wanawake vikapigwa marufuku.

Kuna jina moja ambalo napenda walimu walijue. Mapema mwaka 1976 mwanafunzi wa Kenya wa Makerere, Esther Chesire, alitoweka uwanja wa ndege wa Entebbe akiwa safarini kwenda kwao. Kenya ililalamika. Tume ya uchunguzi ikaundwa, na shahidi mmoja aliyetakiwa alikuwa Theresa Nanziri Bukenya, mwalimu wa hesabu na mlezi wa Africa Hall, bweni la wanawake. Hakuwa tayari kutoa ushahidi wa uwongo juu ya mwanafunzi. Mwezi Juni aliuawa, naye alikuwa mja mzito. Sarah Nyendwoha alikatazwa darasa la hesabu katika chuo hicho hicho. Miaka thelathini baadaye mwanamke aliyekuwa akiifundisha hesabu hapo aliuawa kwa sababu alikuwa mlezi mwaminifu wa bweni. Sioni utumishi wa umma ulio mkubwa kuliko huo, ingawa Theresa Bukenya hakupata kushika cheo cha siasa.

Nadhani hapa ndipo ilipoonekana faida ya udugu wa shule. Chama chenye katiba na anwani ya posta kinaweza kufungwa kwa amri moja. Lakini amri haiwezi kumfanya mtu asiwe amesoma na mwenzake. Waliobaki nchini na waliokwenda Nairobi, Lusaka au London waliendelea kuandikiana, kulea watoto wa wenzao, kutafutiana kazi. Utawala ulipobadilika, majina ya kuanzia yalikuwa yamekwisha patikana. Rhoda Kalema alikuwa naibu waziri katika serikali za baada ya 1979, akashiriki kuunda chama kipya mwaka 1980, akatiwa mbaroni zaidi ya mara moja katika miaka iliyofuata, na mwaka 1989 akarudi barazani akiiwakilisha Kiboga. Vijana wa Bunge walimwita Mama wa Bunge. Joyce Mpanga alikuwa Waziri wa Wanawake katika Maendeleo mwaka 1988. Wote wawili walifariki mwaka 2023, Bi Rhoda mwezi Agosti na Bi Joyce mwezi Novemba, kama watu walioagana.

Kizazi cha pili kiliingia kwa mlango wa Nairobi. Mkutano wa Umoja wa Mataifa juu ya wanawake ulipofanyika huko mwaka 1985, wanawake kadhaa wa Kampala, wengi wao wahitimu wa Makerere, walirudi wakaunda chama cha ACFODE. Miongoni mwa waliokijenga ni Ruth Mukama, mtaalamu wa isimu ambaye maandishi yake juu ya siasa ya lugha ya Uganda yanafaa kusomwa na kila mwalimu wa Kiswahili, na Miria Matembe, mwanasheria kutoka Ankole, aliyesoma Bweranyangi na Makerere. Matembe alikuwa katika Tume ya Katiba iliyoongozwa na Jaji Odoki, kisha waziri wa maadili tangu 1998 hadi 2003. Kutoka Namagunga walitoka Daktari Specioza Wandira Kazibwe, huyo Makamu wa Rais wa 1994 hadi 2003, na Winnie Byanyima, aliyekuwa mbunge wa Mbarara kabla ya kuiongoza Oxfam na, tangu 2019, shirika la Umoja wa Mataifa la kupambana na ukimwi. Rebecca Kadaga, aliyesoma Namasagali na kisha sheria Makerere, alikuwa Spika tangu 2011 hadi 2021, mwanamke wa kwanza kukikalia kiti hicho.

Kazi yao inaonekana katika maandishi ya sheria. Tangu 1989 kila wilaya humchagua mwanamke mmoja kwa nafasi ya wanawake, na katika Bunge lililochaguliwa 2021 nafasi hizo zilikuwa 146. Mwaka 1990 Makerere ilianza kuwaongezea wasichana pointi moja na nusu katika kuchagua wanafunzi, wakati ambapo wasichana walikuwa kama robo hivi ya chuo. Katiba ya 1995, kifungu cha 33, inampa mwanamke hadhi sawa na mwanamume.

Lakini sasa nirudie ile tofauti niliyoitaja. Udugu wa bweni una nguvu, na una ukuta. Bibi Titi aliweza kusimama mbele ya muuza vitumbua wa Kariakoo akamwita mwenzangu, na wote wawili wakaimba wimbo mmoja. Wanawake wa Gayaza na Namagunga waliandika kwa Kiingereza, wakajadiliana kwa Kiingereza, na taarifa za mikutano yao hazikufika Kikuubo. Kiswahili hawakukipenda, na wala hatuwezi kuwalaumu: kwa mwanamke wa Kampala wa miaka ya 1970 Kiswahili kilikuwa sauti ya askari kwenye kizuizi cha barabarani. Amin alipokitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973 alikifanyia ubaya mkubwa kuliko adui zake wote. Imetubidi kusubiri mpaka 2005 ndipo Katiba ikakitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mpaka Julai 2022 ndipo Baraza la Mawaziri likakubali kifundishwe kwa lazima shuleni. Katika miaka hiyo Waziri wa Mambo ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, aliyekipigania, alikuwa Rebecca Kadaga.

Ukuta huo ulionekana hata pale wanawake walipopewa jiji lenyewe. Jennifer Musisi aliliongoza kama mkurugenzi mtendaji tangu 2011 hadi 2018, na Dorothy Kisaka tangu 2020 hadi alipoondolewa mwaka 2024, baada ya jaa la taka la Kiteezi kuporomoka na kuua watu. Katika siku za Bi Musisi barabara nyingi zilitengenezwa, na wachuuzi walifukuzwa kandokando ya barabara hizo. Wengi wa wachuuzi wa ndizi, soksi na leso walikuwa wanawake. Ukiwauliza wenye maduka wa Kikuubo watakupa majibu mawili yanayopingana, kwa kuwa mwenye duka humwona mchuuzi wa mlangoni kama mshindani asiyelipa kodi. Mimi sitaki kuwa hakimu kati yao. Nasema tu kwamba jinsia moja haikutosha kuleta nia moja.

Na ile sheria ya ndoa? Taarifa ya Tume ya Kalema ilitoka 1965. Muswada ulipelekwa na kurudishwa, ukabadilishwa jina, ukapelekwa tena; mwaka 2013 Bunge lililokuwa na Spika mwanamke liliuweka kando kwa mara nyingine. Sheria ya Ardhi ya 1998 ilipitishwa bila kifungu cha umiliki wa pamoja wa mke na mume, ingawa Miria Matembe alishikilia kwamba kilikuwa kimekubaliwa Bungeni. Ushindi uliopatikana ulipatikana kwa njia ya mahakama, kipande kwa kipande. FIDA, chama cha wanawake wanasheria kilichoanzishwa mwaka 1974, kilikwenda Mahakama ya Katiba, na mwaka 2004 mahakama ikaondoa masharti ya talaka yaliyokuwa mazito kwa mke na mepesi kwa mume. Mwaka 2007 masharti ya urithi yaliyombagua mwanamke yalibatilishwa. Mwaka 2015 Mahakama ya Juu ilikataza kurudishwa kwa mahari ndoa inapovunjika. Hatimaye mwaka 2022 Sheria ya Urithi ikarekebishwa na Bunge, ikampa mjane haki iliyo wazi zaidi ya kubaki katika nyumba ya ndoa na fungu kubwa zaidi la mali.

Jambo hili linahusu Kikuubo kuliko jambo jingine lolote katika makala haya. Maduka mengi ya ujia ule huendeshwa na mwanamke, hali mkataba wa pango na leseni vina jina la mume. Yeye ndiye anayejua nani wa Butembo anakopesheka na nani hakopesheki, bei ya katoni ilipanda lini, na mzigo uko forodha gani. Mume akifa bila wosia, hesabu zote hizo ziko kichwani mwa mjane, na karatasi zote ziko mikononi mwa ukoo. Katika darasa letu la jioni tumeyasoma masharti ya urithi ya 2022 kwa Kiswahili, tukiyafasiri sentensi kwa sentensi. Neno lililotuchukua muda mrefu zaidi lilikuwa msimamizi wa mirathi. Yule mwanafunzi aliyeuliza juu ya bweni aliliandika mara mbili katika daftari lake, akauliza ofisi ya kupeleka maombi iko mtaa gani, na wiki iliyofuata akaja na wenzake wanne kutoka maduka ya jirani.